Damu Ile Ile, Majibu Mawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchakataji wa Data za Jenetiki

Ukurasa huu ulianza kama jibu moja la WhatsApp ambalo nilichoka kulinakili kila muhula. Nachakata data za jenetiki hapa Nairobi. Wanaoniuliza ni wanafunzi wa uzamili, wasaidizi wa utafiti, na mara moja moja daktari ambaye damu za wagonjwa wake zimemrudia zikiwa faili kubwa asilojua pa kulifungulia. Sampuli zikishatoka kwenye jokofu na kupita kwenye mashine, wengi hudhani kazi ngumu imekwisha. Kwangu ndipo inapoanza.

Utafiti wa uhusiano wa jeni na ugonjwa hufanywaje?

Unakusanya watu wenye ugonjwa na wasio nao, unasoma DNA yao mahali pengi, kisha kwa kila mahali unauliza: je, herufi fulani (A, C, G au T) imezidi kwa wagonjwa? Mahali ambapo watu hutofautiana herufi nitapaita kibadala. Chipu moja (kibao kidogo cha kusomea DNA) husoma vibadala laki kadhaa, nyingine zaidi ya milioni mbili. Ukiuliza swali mara nyingi hivyo, bahati tu itakuletea majibu mengi ya uongo. Ndiyo maana kizingiti kimewekwa chini mno: thamani ya P, yaani uwezekano wa bahati tu kuleta tofauti kubwa kiasi hicho, iwe chini ya 0.00000005, yaani 0.05 iliyogawanywa kwa majaribio yapatayo milioni moja yasiyotegemeana.

Mojawapo ya mafanikio ya kwanza yalikuja mwaka 2005, pale jeni ya CFH ilipohusishwa na ugonjwa wa macho wa uzeeni kwa kutumia wagonjwa 96 na watu 50 wa kulinganishwa nao. Leo ukileta idadi hiyo utachekwa. Jeni ile ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Miaka miwili baadaye, kundi la watafiti nchini Uingereza lilichapisha kazi juu ya magonjwa 7, wagonjwa wapatao 14,000 na watu 3,000 wa kulinganishwa. Kinachonivutia katika kazi ile ni kwamba watafiti walikaa wakaikagua kwa macho michoro ya vibadala vilivyoonyesha dalili, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuviamini.

Msimamizi ameandika "matokeo yarudiwe". Anataka nini?

Muulize, maana kuna mambo mawili. La kwanza ni kuchukua data ile ile, kupita hatua zile zile, na kufika kwenye namba zile zile. La pili ni kuchukua watu wapya kabisa na kuona kama kibadala kile kitajitokeza tena. Wengi hukimbilia la pili kwa sababu ndilo linaloingia kwenye makala. Lakini kama la kwanza halijakubali kwenye kompyuta yako mwenyewe, la pili halina maana: hujui unachokithibitisha ni nini.

Data ni moja. Vipi watu wawili wapate majibu mawili?

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kati ya mashine na jedwali la matokeo kuna maamuzi mengi, na programu huyafanya kimyakimya usipoyafanya wewe.

Mashine yenyewe haisomi herufi. Inapima mwangaza wa rangi mbili, kisha algoriti inaamua kama mtu huyu ni AA, AG au GG. Mwangaza ukiwa katikati, algoriti ama inakisia ama inaacha pengo, kutegemea umeiambia iwe na uhakika kiasi gani. Baadaye unaamua kumwondoa mtu aliyekosa asilimia 2 ya vibadala, au 5. Unaamua kuondoa vibadala adimu, chini ya asilimia 1 au chini ya 5. Ndugu wawili wakiwa ndani ya sampuli, umtoe mmoja (yupi?) au uwaache wote na kutumia kielelezo kinachojua undugu? Bado hujagusa kujaziliza (yaani kukisia) vibadala visivyopimwa, wala idadi ya mihimili ya asili, yaani vipimo vinavyowapanga watu kwa kufanana kwa DNA zao, utakayoweka kwenye hesabu.

Chukulia maamuzi 8, kila moja lina njia 3 ambazo mhakiki yeyote angezikubali. Hizo ni njia 6,561 halali kutoka damu hadi jibu. Kwa kibadala chenye nguvu, karibu zote zitafika mahali pamoja. Kwa kile kinachoning'inia karibu na kizingiti, njia moja inakipitisha na ya pili inakiacha nje, na hicho cha kuning'inia ndicho mwanafunzi hukijengea sura nzima ya tasnifu.

Kuna utafiti mkubwa uliowahi kuanguka kwa sababu hii?

Upo, na ninausimulia kila mwaka. Mwezi Julai 2010 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Boston University juu ya watu waliofikisha miaka 100. Walitaja vibadala 150 vilivyoweza kutabiri maisha marefu kwa usahihi wa asilimia 77. Habari ilienea, na wataalamu wa jenetiki wakashtuka, kwa sababu vibadala kadhaa vilikuwa na nguvu isiyoaminika.

Tatizo lilikuwa kwenye chipu. Sampuli hazikusomwa zote kwa aina moja, na aina mojawapo ya chipu, iliyotumika kwa baadhi ya wakongwe, ilikuwa ikikosea kwenye vibadala fulani. Kosa la mashine likaonekana kama siri ya kuishi miaka mingi. Julai 2011 makala ikaondolewa. Watafiti walisafisha data, wakarudia hesabu, na mwaka 2012 wakachapisha toleo lililosahihishwa katika PLoS ONE. Nawaheshimu kwa hilo. Kuna wengi ambao wangenyamaza.

Nami yamenikuta, kwa kiwango changu kidogo. Mradi mmoja niliousaidia ulitoa DNA ya wagonjwa mwezi wa tatu na ya wasio wagonjwa mwezi wa nane, kila kundi kwenye sahani zake (vibao vya maabara vyenye vishimo vya kuwekea sampuli). Nilipochora mhimili wa kwanza, makundi mawili yalitengana kama maji na mafuta. Kiongozi wa mradi alifurahi mno. Nikarudia mchoro, nikapaka rangi kwa tarehe ya kutoa DNA badala ya ugonjwa, na ukatoka ule ule. Hakukuwa na hesabu ya kuuokoa: ugonjwa na tarehe vilikuwa kitu kimoja ndani ya data. Fedha zilikuwa zimeshakwisha.

Basi nipange vipi sampuli?

Changanya wagonjwa na wasio wagonjwa kwenye kila sahani, kwa kura ya kompyuta. Weka sampuli chache zilizorudiwa kwenye sahani tofauti. Andika tarehe, sahani, kishimo na aliyetoa DNA. Fundi wa maabara atanung'unika, mnunulie chai.

Kipimo cha Hardy-Weinberg nikiweke wapi?

Hapa kuna mtego wa kwetu hasa. Kipimo hiki kinauliza kama idadi ya wenye nakala mbili, moja na sifuri za herufi inalingana na inavyotarajiwa watu wakioana bila kuchagua. Isipolingana, mara nyingi mashine imekosea kusoma, kwa hiyo tunakitupa kibadala.

Sasa fikiria selimundu, inayopatikana sana Pwani na Magharibi mwa Kenya. Mwenye nakala moja ana kinga dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili anaugua, na bila matibabu wengi hufa wakiwa watoto. Chukua mfano wa kubuni: watu wazima 1,000, ambapo 818 hawana herufi hiyo, 182 wana nakala moja, na hakuna hata mmoja mwenye mbili, ingawa hesabu ilitarajia kama wanane. Ukikata kwa thamani ya P ya 0.001 kwa jaribio kamili linalotumiwa na PLINK (programu ya kuchambulia data hizi), kibadala hiki maarufu kuliko vyote katika historia ya malaria kinaenda kwenye pipa la taka. Ukikata kwa 0.000001 kinabaki. Chujio limetupa biolojia likidhani ni uchafu.

Kuna la pili. Sampuli ya Nairobi huwa na watu wa jamii nyingi kwa pamoja. Ukizimwaga zote kwenye chungu kimoja, wenye nakala moja huonekana pungufu hata kama mashine imesoma sawasawa, kwa sababu tu jamii zinatofautiana katika wingi wa herufi. Ninavyofanya mimi: napima kwa wasio wagonjwa peke yao, ndani ya kila kundi la asili, kwa kizingiti kilegevu, na kabla ya kutupa chochote kilicho karibu na jeni inayojulikana nafungua mchoro wa mwangaza niutazame.

Nimenakili vizingiti kutoka makala ya Ulaya. Kuna ubaya?

Kuna. Vibadala vilivyo jirani kwenye kromosomu husafiri pamoja kutoka mzazi hadi mtoto, na chipu inategemea hilo: haipimi kila kibadala, inapima abiria mmoja na kukisia waliokaa naye. Katika jamii za Kiafrika, ambazo historia yake ni ndefu zaidi, abiria wameshuka na kupanda kwenye vituo vingi mno. Ukimwona mmoja hujui mengi juu ya jirani yake. Pia kwa kuwa majaribio yasiyotegemeana ni mengi zaidi, kile kizingiti cha 0.00000005 ni kilegevu kwetu.

Mfano bora nijuao unatoka Gambia, mwaka 2009. Watafiti walichunguza watoto 2,500 kwa chipu ya vibadala laki tano wakitafuta jeni za malaria kali. Selimundu, ambayo kila mtu anaijua, ilionekana kwa unyonge: thamani ya P ya 0.0000004, ambayo haikufika hata kizingitini. Wakachukua Wagambia 62, wakasoma eneo hilo la kromosomu ya 11 herufi kwa herufi, wakatumia usomaji huo kujaziliza mapengo kwa wale watoto. Thamani ikashuka hadi 0.00000000000004, na kilele kikakaa juu ya kibadala chenyewe cha selimundu. Hawakuchota damu zaidi ya watoto wale. Walibadili kumbukumbu ya kujazilizia, yaani watu waliosomwa kwa kina ambao programu huwatazama inapokisia, basi.

Kwa hiyo uliza kila mara: kumbukumbu yangu ina watu wa wapi? Mradi wa 1000 Genomes una Waluhya wa Webuye, na mradi uliotangulia, HapMap, ulikuwa na Wamaasai wa Kinyawa. Ni mwanzo mzuri, lakini Webuye haiwezi kumsemea Mkenya wa kila pembe. Mtandao wa H3Africa nao ulitengeneza chipu ya vibadala vipatavyo milioni 2.3 iliyochaguliwa kwa jenomu za Kiafrika. Chombo kikiwepo, kutumia cha Ulaya kwa mazoea ni uvivu.

Na usisahau kutaja alama ya ubora uliyokatia baada ya kujaziliza. Mmoja anakata 0.3, mwingine 0.8, na mamilioni ya vibadala hukaa katikati yao.

Nairobi ina watu kutoka kila kaunti. Hilo linaathiri nini?

Linaathiri kila kitu. Tuseme wagonjwa wako wametoka kliniki ya mtaa mmoja na wenzao wametoka mtaa wenye watu wa asili nyingine. Kibadala chochote kinachotofautiana kati ya asili hizo kitaonekana kama chanzo cha ugonjwa. Utafiti wa AWI-Gen, uliokusanya watu wapatao 12,000 barani Afrika, una kituo hapa mjini, katika Korogocho na Viwandani. Yeyote aliyetembea mitaa hiyo anajua lugha anazosikia kabla ya kufika mwisho wa kichochoro.

Wazungu nao hawakuepuka. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, jeni ya kumeng'enya maziwa ilijitokeza kama jeni ya urefu, kwa sababu tu kaskazini mwa Ulaya watu ni warefu na pia wanakunywa maziwa ukubwani. Mwaka 2019 likaja zito zaidi: dalili zilizosifiwa kwa miaka, kwamba uteuzi asilia uliwafanya Wazungu wa kaskazini warefu, zilififia karibu kutoweka zilipopimwa upya kwa data ya UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya na jenetiki ya Uingereza. Mabaki madogo ya asili, ambayo marekebisho hayakuyamaliza, yalikuwa yamejumlishwa kwenye maelfu ya vibadala.

Niweke mihimili mingapi, mnauliza. Kumi ni desturi, si sheria. Kabla ya kuikokotoa punguza vibadala vinavyosafiri pamoja na uondoe maeneo sugu kama la HLA (jeni za kinga ya mwili) kwenye kromosomu ya 6, la sivyo mhimili mmoja utaeleza eneo hilo badala ya asili ya watu. Kisha chora kila mhimili ukipaka rangi kwa kila kitu unachokijua: lugha, sahani, tarehe, kliniki. Niliyoyasimulia juu yasikukute.

Kwa nini vibadala vya A/T na C/G vinaleta kelele?

DNA ina nyuzi mbili: A inakabili T, C inakabili G. Maabara moja ikisoma uzi huu na nyingine uzi ule, A/G inakuwa T/C na kosa linaonekana mara moja. Lakini A/T ikigeuzwa inabaki A/T. Unaunganisha mafaili mawili, programu inanyamaza, na herufi ya hatari imekuwa ya kinga. Linganisha wingi wa herufi na jamii iliyo karibu. Ukikaribia nusu kwa nusu huwezi kujua, kitupe.

Toleo la jenomu ni jambo kubwa kweli?

Kibadala cha selimundu, rs334, kiko nafasi ya 5,248,232 kwenye kromosomu ya 11 ukitumia toleo la GRCh37 la mwaka 2009, mojawapo ya matoleo ya ramani ya DNA nzima ya binadamu. Kwenye GRCh38 la mwaka 2013 kiko 5,227,002. Ukiunganisha mafaili mawili kwa nafasi bila kuangalia toleo, ama hutapata kitu au utapata kitu kisicho chake. Ni kosa la dakika moja ambalo nimeona likila wiki tatu.

Hata wakubwa huteleza hapa. Usomaji wa kwanza wa UK Biobank wa sehemu zinazounda protini, watu wapatao 50,000, ulitolewa mwaka 2019 ukiwa na hitilafu kwenye hatua ya kupanga vipande juu ya GRCh38. Jeni mamia zikatoka hazina vibadala ambavyo watu walikuwa navyo. Jeni tupu haipigi kelele, kwa hiyo aliyetafuta hapo aliona kimya na angeweza kuandika kwamba hakuna uhusiano.

Naweza kufungua majedwali kwenye Excel?

Kutazama, sawa. Kuhifadhi, hapana. Excel iliigeuza SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba na MARCH1 kuwa ya Machi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta takriban makala moja kati ya tano zilizoambatisha orodha za jeni kwa Excel zikiwa na makosa haya. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ilisalimu amri na kubadilisha majina yenyewe. Leo ni SEPTIN2 na MARCHF1. Wanasayansi wa dunia nzima wakaipisha programu ya ofisi!

Mbona unasema tu juu ya DNA? Vipimo vya mgonjwa je?

Umenikumbusha vyema, maana huku ndiko kwenye fujo zaidi. Mtu anayetumia dawa za presha ana kipimo kilichoshushwa na dawa. Wapo wanaomwondoa, wapo wanaomwacha alivyo, na wapo wanaoongeza 15 kwenye namba ya juu na 10 kwenye ya chini, desturi iliyozoeleka. Njia hizo tatu zinazaa orodha tatu za jeni. Sukari nayo: kliniki moja huandika 5.5, nyingine 99, na zote zinasema kitu kimoja, moja kwa milimoli na nyingine kwa miligramu. Tofauti ni kuzidisha kwa 18. Mimi huanza kwa kuchora mgawanyo wa kila kipimo kwa kila kliniki. Ukiona vilima viwili, piga simu kwa muuguzi kabla hujagusa data. Muuguzi ndiye ajuaye mashine ya presha ilibadilishwa lini.

Nikijaribu vichujio kadhaa na kuchukua kinachotoa matokeo mazuri?

Hapana. Amua kabla, andika, weka tarehe. Ukijaribu vingine baadaye, ripoti vyote, pamoja na vile vilivyoua kibadala chako.

Nihifadhi nini ili mwingine aweze kurudia kazi yangu?

Skripti zote kuanzia faili la kwanza, si zile za michoro peke yake. Namba ya toleo la kila programu, la jenomu na la kumbukumbu ya kujazilizia. Mbegu ya namba nasibu, ile namba ya kuanzia inayofanya kura ya kompyuta itoke vile vile tena. Rekodi ambazo PLINK huandika zenyewe (watu huzifuta kupata nafasi, sijui kwa nini, ni ndogo kuliko picha moja ya simu). Zaidi ya yote, orodha ya kila mtu aliyeondolewa na sababu yake. Makala nyingi husema "baada ya udhibiti wa ubora zilibaki sampuli kadhaa" na kuishia hapo. Hakuna awezaye kurudia sentensi hiyo.

Data za watu wenyewe ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jenetiki kuwa nyeti, na kibali cha maadili na kile cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, vina masharti yake. Huziweki wazi. Lakini skripti haina damu ya mtu, iweke wazi.

Nimerudia makala fulani na jibu langu ni tofauti. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Kibadala kinapovuka kizingiti kwa mara ya kwanza, makadirio ya nguvu yake huwa yametiwa chumvi na bahati. Ukija na sampuli ndogo, kukikosa si ajabu. Kwanza hesabu kama sampuli yako ingeweza kukiona kikiwa na nusu ya nguvu iliyotangazwa.

Kama ni data ile ile na bado mnatofautiana, usianze na thamani za P. Anza na hesabu ya watu: wao walibakiza wangapi, wewe wangapi? Kisha hesabu ya vibadala, kromosomu moja baada ya nyingine. Kisha chora wingi wa herufi zao dhidi ya zako. Nukta zikijipanga kwenye mstari unaoshuka badala ya kupanda, kuna uzi umegeuzwa. Hatua ya kwanza ambayo namba zinaachana ndiyo ya kufungua. Ukikwama hapo, niandikie, na utume rekodi za programu pamoja na swali. Bila rekodi nitakuuliza tu toleo la jenomu, na utaniambia utaangalia kesho.